Shuka za Kwenda Nazo Ufaransa

Ijumaa, 10 Januari 2014

Mume wangu ana wazimu. Naandika leo leo, maana nikilala nikaamka nitakuwa nimeshamwona ana akili.

Tulikuwa jikoni kwa Jebet, kama kila Ijumaa. Jebet ni nesi, Mkenya, anakaa hapa hapa Al Mansoura, na ndiye mtu pekee Doha nzima anayetuazima viti viwili tukae. Viti tu! Mwenzake wa nyumba, Chelsea, anafanya kazi usiku na kulala mchana, kwa hiyo tunanong'ona kama wezi. Basi Nassoro kaweka kikombe chini, kakohoa, kasema mwaka huu tunakwenda fungate. Nikasema alhamdulillahi, wapi? Akasema Ufaransa.

Jebet kacheka mpaka Chelsea kagonga ukuta.

Lakini fungate tunalo la kudai, hilo siwezi kukataa. Tulifunga ndoa Unguja mwezi wa Agosti, siku ya Alhamisi. Ijumaa kampuni ikamwita arudi, akapanda ndege. Usiku ule mmoja uliobaki katikati nyumba ilijaa wageni mpaka ukumbini — ukikohoa, watu kumi wanakuitikia pole. Tangu hapo yeye yuko kempu ya walinzi, Al Wakrah, wanaume sita chumba kimoja. Mimi niko akomodesheni ya hoteli ninayotandika vitanda, wanawake watatu, na mwanamume hapiti geti hata aje na cheti cha ndoa kimetiwa fremu. Sisi ni mume na mke wa viti viwili.

Nikamuuliza kwa nini Ufaransa, kwani Bagamoyo imehama? Ndipo akanieleza. Kwenye mnara wa ofisi anaolinda, kule West Bay, ukutani mkabala na meza yake pana picha kubwa. Nyumba ya mawe, madirisha ya buluu, maua hadi mlangoni. Chini imeandikwa Ufaransa. Miaka miwili anaitazama zamu nzima. “Naijua kuliko nyumba ya mama yangu Tanga,” kasema. “Nataka tuingie ndani, tufunge yale madirisha.”

Nikaacha kucheka.

Mei likizo zetu zinakutana. Siku saba tu. Fungate kamili!

Jumatatu, 13 Januari

Somo yangu, Bi Sharifa, kapiga kutoka Unguja. Nani kamwambia? Watu wa kule wana masikio mpaka Doha. Yeye ndiye aliyenifunda, na ndiye alitakiwa akae nami siku saba za fungate anipikie na kunipamba. Hakufanya hata siku moja, na jambo hilo linamuuma kuliko linavyoniuma mimi.

“Faransa? Weye mwana umepatwa na nini? Fungate ni ndani! Mlango ufungwe siku saba, mie nikuleteeni chai na mikate ya maji. Mnakwenda huko kutazama nini?”

Nikamwambia hatutazami kitu, Bi Sharifa. Tutafunga madirisha.

Nikadhani salio limekwisha.

“Kama ni hivyo, nendeni. Lakini chai nani atawaletea?”

Ijumaa, 24 Januari

Nassoro kaja na mpango wake umepigwa chapa, rangi mbili. Mji huu, mji ule, kanisa, daraja, mto, soko la jibini. Nikautazama juu hadi chini nikauliza: tunalala wapi?

Kwenye basi, kasema. Na uso umemng'aa! Mabasi ya usiku ni rahisi, unasafiri umelala, unaamka mji mwingine, hoteli hulipi. Siku saba, mabasi sita.

Nikamuuliza taratibu, kwa adabu zote nilizofundwa: fungate la kwenye kiti? Tena viti viwili? Si ndivyo tulivyo navyo hapa, na hatukulipa nauli!

Kakunja karatasi yake kidogo kidogo, kaitia mfukoni. Nikamwonea huruma, nikammenyea chungwa. Lakini kwenye basi siendi.

Ijumaa, 7 Februari

Mabasi yamekufa, Mungu ayalaze pema. Sasa tunatafuta chumba. Nassoro kawaandikia watu kumi na wawili wenye nyumba za kupangisha huko mashambani, na kila mmoja kampelekea picha ya cheti chetu cha ndoa, chenye muhuri na saini ya kadhi. Kaongeza maelezo kwamba sisi ni mume na mke wa halali, mashahidi wapo, na simu ya mjomba wangu hii hapa.

Nilimsaidia kuandika. Tusipofanya hivyo si tutarudishwa mlangoni? Mimi mwenyewe nimeona mapokezi kwetu watu na masanduku yao wakiambiwa cheti, tafadhali. Yeye mlangoni anapolinda kaona zaidi.

Jumatano, 12 Februari

Majibu! Yamefika kwa Jebet, maana tulitumia barua pepe yake. Katusomea kwa simu, anashindwa kumaliza.

Wa kwanza: samahani, sisi hatufungishi ndoa. Wa pili: hatununui kitu. Wa tatu kauliza kama kuna mtu anatulazimisha kusafiri, na kama tunahitaji msaada. Wa nne katupongeza, kauliza harusi ni ya watu wangapi.

“Aki Nasra,” Jebet kapiga kelele, “huko hakuna mtu anaulizanga cheti! Hata ukienda na mume wa jirani, wanakupea tu ufunguo!”

Tukaona haya mimi na Nassoro, kila mtu na simu yake. Halafu tukacheka mpaka machozi. Mjomba wangu je, wakimpigia kweli?

Lakini wa tano ni mama mmoja mtu mzima, yuko kijijini, ana kijumba nyuma ya nyumba yake. Kasema cheti hakihitaji, ila ni kizuri mno, yale maandishi yanasemaje? Na kwa kuwa Mei bado wageni ni wachache, bei atatupunguzia. Katuma picha. Nyumba ya mawe! Madirisha ni ya kijani. Nassoro kasema kijani si mbaya, rangi hupakwa.

Ijumaa, 14 Februari

Siandiki vizuri, kalamu inatoboa karatasi kwa hasira.

Leo ile siku yao ya wapendanao. Tangu asubuhi natandika vitanda vya maharusi wa watu. Mawaridi juu ya shuka, taulo nakunja sura ya batamaji wawili wanabusiana. Mgongo umekatika. Chumba cha mwisho nikakaa chini kwenye zulia nikawatazama wale batamaji. Nikajisemea haidhuru, Nasra, Mei na wewe utalala kitanda kilichotandikwa na mtu mwingine. Nilikuwa sijui kama natamani kitu hicho kiasi hicho. Nikafuta machozi kwa taulo safi, ikabidi nilete nyingine.

Nafika kwa Jebet, Nassoro ananisomea masharti ya yule mama. Bei ni nafuu kwa sababu mgeni anakuja na shuka zake. Anatandika mwenyewe. Na siku ya kuondoka anafagia, anapiga deki, anasugua choo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko Ufaransa jembe unapokelewa nalo mlangoni!

Nikamwambia: kwa hiyo nivuke bahari nikafanye zamu? Kasema si kitanda kimoja tu, mke wangu, dakika tano. Dakika tano! Mtu aliyenena hivyo hajawahi kutandika hata mkeka. Nikasema mimi Ufaransa sitagusa shuka, wallahi, hata pembe moja. Chelsea kagonga ukuta. Nikaondoka.

Jumapili, 16 Februari

Hajapiga. Sipigi.

Jumanne, 18 Februari

Nimembipu. Naye kanibipu. Hakuna aliyepokea.

Alhamisi, 20 Februari

Nimecheka kazini mpaka mudiri, bosi wetu, kaniuliza kama naumwa.

Hamisi, anayelala kitanda cha juu ya Nassoro kule kempu, kanitumia picha. Nassoro kapiga magoti sakafuni, fulana imelowa, kang'ang'ania shuka kama anamfunga mbuzi. Wenzake wamejipanga mlangoni wanamtazama. Picha ya pili, Hamisi mwenyewe kalala chali juu ya kitanda, mikono kifuani — ndiye mgeni!

Chini kaandika: “Shemeji, mwambie mumeo atuonee huruma. Siku ya nne leo anatutandikia vitanda vyote sita. Ukikaa tu, anafumua, anaanza upya. Eti Nasra kasema kona ikunjwe kwanza ndipo ichomekwe, Nasra kasema mto mdomo wake utazame ukutani. Sasa Nasra ni nani, meneja?”

Nassoro sijamfundisha hata siku moja. Miezi yote hii mimi nalalamika tu kila Ijumaa: kona zile, mito ile, supavaiza yule. Nikidhani anakunywa chai. Kumbe anasikiliza.

Nimepiga. Kapokea kabla haijaita. Sikujua niseme nini, nikamwambia shuka inachomekwa kwa kiganja, si kwa vidole. Akasema sawa, mke wangu. Nampenda mtu huyu, basi. Nimeandika.

Ijumaa, 14 Machi

Mzigo kutoka Unguja. Bi Sharifa katuma udi, chetezo kidogo, na shuka mbili nyeupe kazidarizi kwa mkono wake, maua ya asumini pembe zote nne. Kasema kama mwenye nyumba hana shuka, basi sisi si masikini, tunazo. Na nimwambie yule Mfaransa asitufungulie mlango kabla ya siku ya saba.

Nassoro kazipapasa kama karatasi za msahafu. Kaniuliza kwa unyonge: maua haya yakae juu au chini? Nikamwambia juu, bwana.

Ruhusa ya waajiri ya kutoka nchini tumepata, yeye na mimi. Barua za kazini tayari. Imebaki viza.

Jumanne, 8 Aprili

Tumekwisha.

Leo tumehojiwa ubalozini kwa ajili ya viza, na tulifanya mazoezi wiki nzima. Ukiulizwa unakwenda kufanya nini, jibu: utalii. Neno moja! Mimi niliulizwa, nikajibu utalii, nikakaa. Nassoro kaulizwa. Koti la kuazima, jasho linamtiririka. Yule dada wa dirishani kamtazama, naye kamtazama yule dada.

“Kutandika kitanda,” kasema.

Mume wangu, mlinzi mkuu wa mnara mzima, anayewahoji watu mchana kutwa! Dada kauliza vipi? Basi kaanza. Kaeleza picha ya ukutani. Kaeleza madirisha, mabasi, Hamisi. Kaeleza mke wake anatandika vitanda vya watu kila siku na hajalala hata kimoja. Kamtaja mpaka Bi Sharifa. Mimi nyuma namvuta koti, anaendelea.

Dada hakucheka. Kaandika kitu, kirefu. Utalii ni neno moja, yeye kaandika nini kirefu vile?

Tulipofika kituo cha basi Nassoro akasema, angalau sikudanganya. Nikamshika mkono hadharani, nisijali hata polisi.

Alhamisi, 24 Aprili

Pasipoti zimerudi. Bahasha moja, imefungwa kwa gundi. Nimeichukua mimi baada ya zamu. Nimeipapasa, nimeipeleka kwenye taa, nimeinusa — hata sijui viza inanukaje! Tuliahidiana kufungua pamoja. Nimeiweka chini ya mto na kuilalia. Kama wamekataa, pesa ya kujaribu tena hatuna, na likizo zetu hazikutani tena mpaka mwaka kesho.

Ijumaa, 25 Aprili

Naandika kwa sababu nimeamriwa.

Asubuhi Jebet kanisubiri ngazini na sare yake ya kazi. Kanitia ufunguo mkononi.

“Chelsea amefly jana, ameenda likizo nyumbani. Kitanda chake kiko tu hapo, hakina hata shuka. Yeye mwenyewe ndiye amesema, amechoka na hizo minong'ono zenu. Mimi niko kazini mpaka jioni. Kuna chapo kwa friji, mpashe moto mkule. Na mimi sijaona kitu, sijui kitu, usiniulize kitu!”

Kashuka ngazi anacheka peke yake.

Baada ya sala ya Ijumaa Nassoro kafika. Kanyoa ndevu, kakwaruza kidevu. Mkononi mfuko, ndani shuka za Bi Sharifa, kazifua na kuzipiga pasi mwenyewe kule kempu. Nikamwonyesha bahasha. Kaitazama sana. Nikasema haya, fungua. Akasema hapana, kitanda kwanza. Wakiwa wamekubali, haya ni mazoezi. Wakiwa wamekataa, basi hakujifunza bure.

Kanikalisha kwenye kiti. Kimoja, leo. Kasema andika kitabu chako, usitazame, na usiseme neno.

Natazama.

Kafukiza udi, nyumba nzima inanukia Unguja. Kaenda dirishani kalifunga. Si la buluu, ni la alumini, vumbi tele, na huko chini watoto wa Kihindi wanapiga kelele na kriketi yao. Katandaza shuka ya chini. Kapiga magoti. Kakunja kona, kachomeka — kwa kiganja! Kazunguka upande wa pili. Maua ya asumini juu. Ulimi kauuma kama mtoto anayejifunza kuandika.

Kona ya kushoto imekaa vibaya. Naiona kutoka hapa, imejikunja ndani kama sikio. Ingekuwa hotelini ningefumua yote. Vidole vinaniwasha. Sisemi!

Mto, mdomo ukutani. Karudi nyuma hatua mbili, mikono kiunoni. Anauliza imekaa sawa?

Sawa kabisa, mume wangu.

Sasa bahasha kaitoa mezani katikati yetu, haifungui, anaigeuza geuza. Anauliza tufungue?

Nimemwambia afunge mlango kwanza.