Pale Elzo Alipopoteza Buti

Termunterzijl, Groningen
3 Oktoba 1971

Mpendwa kaka Elzo,

Salamu nyingi zikufikie huko Kanada, wewe, wifi Dina na watoto. Goti lako je, limepoa? Sisi wazima, ila baridi imewahi mwaka huu na Mama anakohoa kila asubuhi.

Siku ya kuzaliwa Mama tulikaa duara kama kawaida, kahawa na keki, na kila aliyeingia akatupa mkono wa hongera mmoja mmoja. Kiti chako kiliwekwa. Shangazi Wubke akataka kukikalia, Mama akamfokea, "We Wubke, sogea kule! Hicho kina mwenyewe." Miaka yote hii, Elzo, na Mama hajakoma kukuwekea.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Unajua huku makumbusho nimepewa kazi ya kuandika upya kumbukumbu za viumbe vya topeni. Juzi nimefungua kabati la nyuma, nikakuta chupa za Baba. Ni wale anemoni, wanyama laini wa baharini mfano wa maua, aliokuwa akiwachimba kwa ajili ya makumbusho pale mlangoni mwa mto, maji yakipwa, nawe ukimbebea ndoo. Rangi imewatoka, wamenywea kama mkate uliolowa. Lakini lebo ni mwandiko wa Baba mtupu, na kwenye nafasi ya kutaja mahali walipotoka ameandika: "Pale Elzo alipopoteza buti."

Nilicheka mpaka nikalia. Bwana Mulder, mkuu wetu, hakucheka sana. "Haya Geeske, hebu nionyeshe hilo buti kwenye ramani." Nikamwambia watu wa topeni ndivyo tunavyotaja mahali. Akanijibu kwamba chupa isiyojulikana ilikotoka haimfai mtaalamu yeyote, na kabati zimejaa. Amenipa hadi majira ya kuchipua nimwonyeshe mahali hapo, la sivyo zitamwagwa.

Siwezi kustahimili, kaka. Kaburini Baba ana jina na tarehe tu. Kwenye chupa hizi namsikia akisema.

Nami sipajui. Mlikuwa mkiniacha juu ya ukuta wa bahari na taulo mkononi, nawatazama mnavyozidi kuwa wadogo, kisha mnarudi mmejaa tope na vicheko. Siku ile ulirudi mguu mmoja peku, Baba amekubeba mgongoni. Niliwaonea wivu mno. Mpaka leo nawaonea.

Mwanzoni nilitaka kukuomba unichoree mahali penyewe. Nimeghairi. Tope halina kona wala mti, na mifereji imehamahama. Labda miguu yako ndiyo itakayokumbuka. Na hata kama unaweza kuchora, Elzo, nakuomba usichore. Ukichora, hutakuja. Njoo mwezi wa nne, wakati wa bamvua, maji yakipwa mbali, unishike mkono nami nishuke ule ukuta. Mama anasema, "Mwambie aje, ila tope lake aliache nje!"

Wasalimie wifi na watoto, nao wajue wana shangazi. Hindrik wa jirani anakusalimu, na bado anadai wewe ndiye uliyemvunjia dirisha. Mungu awakinge na theluji ya huko, atuweke hai mpaka tuonane.

Usinunue mabuti. Ya Baba yapo mlangoni mpaka leo, nayapaka mafuta kila vuli. Sasa yatakutosha.

Wako akupendaye, na bado anayengoja ukutani,
dada yako Geeske