Nimemtangulia Pimamaji kwenye Malango

Mshauri mpendwa, nisaidie, ila ujue unamsaidia bingwa, kwa sababu mimi, mzee wa miaka sabini na moja, ndiye mpiga mazimwi namba moja nchini. Haya, si nchini, ni mtaani. Basi tuseme nyumbani, na hapo pia mjukuu wangu wa kike, aliyenifundisha mchezo wenyewe kwenye televisheni, ananishinda huku anakula.

Shida yangu ni Pimamaji. Huyo ni fundi mwenzangu, tumepiga lipu pamoja miaka thelathini, na jina hilo la kifaa cha kupimia unyoofu wa ukuta nilimpa mimi, maana akiona ukuta umepinda unene wa unywele, hapati usingizi. Tangu avunjike nyonga hatoki nje, kwa hiyo nikampelekea mashine ya zamani ya mjukuu wangu, akavaa spika za masikioni na mimi zangu, na kila siku saa kumi jioni tunapiga mazimwi pamoja, kila mtu kwake, ingawa kwake ni dakika ishirini kwa mguu. Hadithi ya mchezo tuliimaliza zamani, zimwi kuu likafa, nikadhani kwisha habari, kumbe hapo ndipo mambo yanapoanza, yanafunguka malango mia moja, kila lango gumu kuliko lililopita, ukishinda unapewa chuma cha kukazia upanga, upanga ukikazwa unaliweza lango la mbele, hivyo hivyo mpaka macho yatoke. Tukaahidiana tupande pamoja, lango kwa lango, kama tulivyopiga lipu, yeye kulia mimi kushoto, kwa sababu fundi mmoja akitangulia, lipu yake inakauka na kiungo kinaonekana milele.

Mimi nikatangulia. Asubuhi, kimyakimya, lango moja tu nionje, kisha la pili, na tangu nistaafu kitu pekee kilichokuwa kikipanda kwangu ni presha, sasa naona namba yangu inapanda, mkono ukaanza kuniwasha. Yeye yuko lango la thelathini na nane. Mimi la tisini na moja. Ikifika saa kumi namvua shujaa wangu deraya ya dhahabu, namvisha ile ya zamani yenye kutu, tunaingia lango lake kama walio sawa. Juzi nikasahau kubadilisha upanga. Zimwi likaanguka hapo hapo.

"Wee, umelipiga mara ngapi hilo?"

"Mara moja. Lilikuwa gonjwa."

"Mazimwi nayo yanaumwa?"

"Siku hizi nani mzima?"

Hakucheka. Akasema, "Haya, twende," tukaenda.

Aliwahi kuninunia miezi minne kwa sababu nilimalizia ukuta wa shule bila yeye, na sasa hana mwingine wa kuongea naye, wala mimi sina. Baada ya wiki tatu msimu wa mchezo unaisha, mashujaa wote wanarudishwa lango la kwanza. Je, ninyamaze mpaka hapo, au niseme?

Halafu, mwaka juzi uliichapisha barua yangu ya kukoroma ukaniita "dada mpendwa", ukaahidi kusahihisha. Ahadi hiyo bado naidai.

Mpiga lipu mstaafu

MSHAURI ANAJIBU

Wasomaji, dada yule alikuwa babu. Samahani.

Sasa wewe, mzee wangu. Nimecheka, kisha nikakuhurumia, kisha nikakasirika. Kupenda kuona kitu kinapanda si kosa. Mtu aliyejenga maisha yake yote hawezi kukaa anahesabu mbao za dari. Kosa ni ile deraya yenye kutu. Na unadhani anayekosa usingizi kwa unywele wa ukuta hajauona upanga wako? Alishajua. Alikuuliza ili akupe nafasi ya kusema, ukamletea habari za zimwi gonjwa! Msimu utawarudisha mashujaa mwanzo, lakini mzee yule atabaki na alichokiona.

Leo saa kumi acha spika mezani, vaa viatu, zitembee dakika ishirini ulizoacha kuzitembea. Kaa kwenye kiti karibu naye, mfungulie shujaa wako kwenye mashine yake, na dhahabu yake yote, useme: "Nilitangulia." Usiongeze mzaha hata mmoja. Akinuna, mwache anune ukiwepo, na kesho saa hiyo hiyo uwe umerudi. Akikuelewa, msisubiri msimu: anzeni mashujaa wapya hapo hapo kwake, lango la kwanza, na zimwi la kwanza mwache alipige yeye, hata akilikosa mara sita.