Togwa ya Kumwonjesha Bosi

Jumatatu, 20 Aprili 2015. Riyadh

Shayiri ya kunywa, ya nne leo. Mbaya kuliko ya tatu.

Duka lina taa kama ukumbi wa harusi. Tumekaa nyuma ya pazia, upande wa familia. Festo kanipa kisogo, kama inavyompasa mkwe. Zimekuja glasi mbili, povu limesimama vizuri juu. Nikafurahi bure. Chini ya povu ni maji ya tofaa na sukari. Shayiri yenyewe hata haikuchipushwa, imechemshwa tu kama chakula cha ng'ombe mgonjwa. Wanasema ni siri ya nyumba yao. Wakae nayo.

Tumaini, mwanangu, yuko kitandani nyumbani. Sauti yake inatoka kwenye simu, tumeiegemeza kwenye kopo la tishu. Festo anaiuliza simu, "Mama anaonaje?" Nami nimekaa hapo hapo nyuma yake! Nikaiambia simu: mwambie mumeo ni mkojo wa punda aliyekula tofaa. Simu ikamwambia, "Mama anasema imezidi utamu kidogo."

Kwetu Njombe mama mkwe na mume wa mwanawe hawaongei uso kwa uso. Sikuwahi kuona ubaya wake. Kwa Festo naona hata faida.

Jumanne, 21 Aprili. Riyadh

Nimegeuza shayiri kwenye sinia bafuni. Imechipua vizuri, mikia mifupi, myeupe. Kesho kutwa ingekuwa imepita. Nimeianika juu ya jiko la umeme maana hapa jua ni la kuunguza, si la kukausha.

Togwa niliyoipika Jumapili imekuwa tayari leo. Siku mbili kamili, kama nyumbani. Kiyoyozi cha nyumba hii kinaleta baridi ya Juni ya kwetu. Tumaini kanywa vikombe viwili akalala usingizi wa kukoroma. Mtoto kacheza tumboni. Nimeweka mkono, nikapigwa teke. Mpige tu bibi yako, we piga.

Nichukie nani zaidi, Festo au bosi wake? Abu Nasir ana maduka ya juisi, anafungua jingine Jeddah. Kasikia watu wanapenda kinywaji cha shayiri kisicholevya, anataka kiwe cha duka lake peke yake. Festo akadandia: najua mimi, bosi. Anajua nini? Mlokole huyu hajawahi kuramba hata ulanzi wa asubuhi, maji matamu ya mianzi. Alipokuja kumchumbia Tumaini alikataa maji kwangu, eti kikombe kinanuka komoni. Pombe hiyo niliyoipika miaka thelathini ndiyo iliyomsomesha huyo mchumba wake. Leo hana ulimi, anaazima wangu.

Jumamosi bosi anakwenda Jeddah kuonja, nasi tunatangulia kwa gari. Akipenda, Festo anapata mkataba mpya na ikama, kibali cha kuishi hapa, ya miaka miwili. Asipopenda, halas, ndege. Na mkataba ukiisha, bima ya hospitali inaisha.

Tumaini ana mimba ya miezi sita. Wawili wa kwanza tuliwazika. Presha. Mwezi wa saba wote wawili. Hapa daktari anamwona kila wiki, kamwambia alale, asishtuke. Mimi nitapika hata mawe.

Jirani, nesi wa Kikenya, atalala naye mpaka turudi.

Jumatano, 22 Aprili. Njiani

Siku nzima jangwa. Hakuna hata mti wa kujifichia.

Nimekaa kiti cha nyuma, ndoo ya kimea pembeni yangu nimeifunga mkanda. Festo mbele. Simu katikati. Tumaini akisinzia, gari zima linanyamaza kilomita mia. Kuna mahali nilitaka kujisaidia, mtandao hakuna. Nikaimba wimbo wa kanisani wa safari, nikaurudia, nikaurudia kwa nguvu. Ubeti wa tatu akaelewa, akakata kwenye kituo cha mafuta.

Hapo pia wana kinywaji cha nyumba. Kimepikwa na zabibu kavu, cheusi kama oili chafu. Nikatema kwenye baibui langu mwenyewe. Festo akakimaliza chake, akaandika kwenye simu, "Nzuri, nzito." Mungu alimpa mtu huyu mdomo wa kusalia tu.

Alhamisi, 23 Aprili. Taif, kisha Jeddah

Taif kuna baridi. Nimelala kama mtu. Asubuhi ukungu, maua ya waridi, nikataka kulia. Kisha nikaonjeshwa shayiri waliyotia maji ya maua hayo, hamu ya kulia ikaisha. Kama kunywa sabuni ya bibi harusi.

Tumeshuka kwa barabara ya wasio Waislamu, inazunguka mbali, nje ya Makka. Milima yote ile kwa mguu wa breki. Festo anaendesha vizuri, hilo naandika kwa sababu ni kweli.

Jeddah joto linakushika shingo, tena joto bichi, la maji. Duka jipya bado linanuka rangi. Msimamizi ni Mkenya, Wafula, mtu wa Bungoma, mwili mkubwa na kicheko chake mwilini mwote. "Karibu, mathee! Nimeskia wewe ndio profesa wa pombe." Festo akakohoa. Nikamwambia profesa wa togwa, tukashikana mikono.

Nimepika jioni hiyo hiyo. Uji wa shayiri, ukapoa mpaka wa kuvumilia kidole, nikatia kimea, nikafunika. Ndoo mbili stoo, kiyoyozi kinavuma. Karibu siku mbili. Jumamosi asubuhi itakuwa tamu, na uchachu wa kuchokoza tu ncha ya ulimi. Nimemwambia Wafula asiiguse.

Ijumaa, 24 Aprili. Jeddah

Duka limefungwa. Alasiri Wafula katupeleka Balad, mji wa zamani, majumba ya mawe ya matumbawe yenye madirisha ya mbao yaliyotokeza nje kama matumbo. Mzee mmoja anauza sobia, nyeupe na nyekundu, kwenye mifuko ya nailoni. Shayiri, mkate mkavu, iliki, mdalasini.

Nyeupe nimeinywa yote. Nikaomba mfuko wa pili. Yule mzee anajua. Alikuwa anaangalia uso wangu, si mkono wangu wa kulipa. Nikamwonyesha dole gumba, akaweka mkono kifuani. Mtu mmoja katika nchi nzima.

Nyekundu ni ile ile wameitia rangi. Ya nini? Ndiyo inayonunuliwa zaidi, anasema Wafula. Watu wana macho, ulimi hawana.

Tumaini kapimwa leo. Presha imepanda kidogo. Kasema kidogo. Namjua anavyosema kidogo.

Jumamosi, 25 Aprili. Jeddah



Nimefika dukani saa mbili asubuhi. Kabla sijafungua mlango wa stoo pua imeshaniambia. Kifuniko cha ndoo kimevimba. Ndani povu limepanda, linapasuka, linapanda tena. Wafula alizima kiyoyozi Alhamisi wakati wa kufunga. Eti kwa nini kipoze stoo siku ya Ijumaa, duka limefungwa? Siku mbili za Njombe humo ndani zilikuwa wiki. Na kosa ni langu. Nilihesabu siku kama mtu anayesoma kalenda. Mpika komoni miaka thelathini! Ningehesabu joto.

Nikachovya kidole. Komoni. Tena kali, ile ambayo kwangu wanaume waliimba wakitoka mlangoni.

Nchi hii mtu anafungwa kwa hiyo. Anachapwa. Anarudishwa kwao na mke wake mwenye presha.

Nikasikia mtu anacheka jikoni. Festo. Alikuwa ametangulia tangu alfajiri, akajipimia asubuhi nzima, eti ajue ladha kabla ya bosi. Glasi ya tatu ilikuwa mkononi.

Akaniangalia usoni. Miaka sita ya ndoa hajawahi.

"Mama," akasema, "mama mkwe, hii kitu inachangamsha! Nilikuwa nakuogopa bure!" Akaanza pambio. Mlokole wangu. Amelewa kama wa siku ya mnada.

Wafula akaja, akanusa, akaramba kidole, macho yakatoka. "Ai! Mathee, hii ni busaa ya nyumbani kabisa! Tutafungwa wote!" Halafu, mshenzi, akaramba tena.

Simu ilikuwa mezani. Mkono wa Festo ukaenda kumpigia Tumaini, maana ndivyo tunavyoongea. Asishtuke, alisema daktari. Nikaishika simu nikaitia kifuani, nikafanya ambalo sijawahi. Nikamtazama mkwe wangu, nikamwita jina lake.

"Festo. Nyamaza. Kunywa maji. Nenda kalale chumba cha Wafula, usitoke mpaka nikuite. Mimi ndiye nasema, si simu."

Akaenda, kashika ukuta.

Ndoo zote mbili nimezimwaga chooni. Nikamwaga maji, nikamwaga dawa ya choo chupa nzima, nikasugua. Bosi anakuja baada ya adhuhuri. Kimea kilikuwa kimebaki robo ndoo. Uji upya. Nikaupoza kwa kuzungusha sufuria ndani ya barafu, Wafula anakata barafu, mimi nakoroga. Kidole kikavumilia. Kimea. Nikaukalia pembeni kama mtu anayeuguza. Saa mbili, saa tatu za kukaa. Ukalegea, ukawa mwepesi, ukawa mtamu wenyewe bila chochote. Togwa ya asubuhi ile ile. Haina uchachu, haijakomaa, ni kitoto. Lakini safi. Mtoto mchanga anaweza kunywa.

Abu Nasir kaingia na kanzu iliyopigwa pasi na chafya mbili kwa sababu ya dawa ya choo. Kauliza Festo yuko wapi. Wafula kasema tumbo. Hilo si uongo sana.

Nikamimina. Nikanywa mimi kwanza, ndivyo mpishi anavyofanya mbele ya mgeni, mgeni ajue hamna kitu humo. Bosi akadhani nimemnywea chake. Wafula akaeleza kwa Kiarabu chake cha dukani, bosi akacheka. Akanusa kikombe muda mrefu. Muda mrefu mno. Akauliza neno, nikasikia haramu. Wafula akasema hapana, bosi, mafi, mafi, yaani hakuna.

Akanywa. Akatafuna midomo.

"Sukari mafi?"

Kisha akaongea, Wafula akanigeuzia. Iko sawa, lakini ya kimaskini. Wekeni sukari. Wekeni stroberi. Iwe nyekundu.

Nyekundu!

Kwenye kilabu changu mtu akitaka kutia kitu kwenye pombe yangu nilimwonyesha mlango. Nilimpiga mmoja mwiko, alitia soda. Maneno yote hayo yalinijaa mdomoni, ya Kiswahili na ya kikwetu. Nikaona tumbo la Tumaini. Nikayameza.

"Mwambie, sawa," nikasema. "Mwambie itapendeza."

Nikaitia mwenyewe. Nilikoroga mpaka ikafanana na dawa ya kikohozi. Bosi akanywa glasi nzima, akapiga meza. Yalla, mkataba Jumatatu.

Upumbavu mtupu. Ameukataa ulimi wangu akakubali kwa rangi.

Nimempigia Tumaini. Nimemwambia imependwa. Kalia. Hayo mengine atayasikia mtoto akishazaliwa.

Jumapili, 26 Aprili. Njiani kurudi

Festo haniangalii. Kichwa kinamuuma, kila shimo la barabara analijua. Simu imezimika, chaji imeisha. Hakuna aliyeichaji.

Baada ya Taif akasema, macho barabarani, "Mama, nimetenda dhambi?"

Nikafikiri. "Hukujua. Huo ni ujinga, siyo dhambi."

Kilomita nyingi. Akasema tena, "Ilikuwa tamu."

Nilikuwa nacheka upande wa dirisha.

Jumatano, 29 Aprili. Riyadh

Bosi kasaini tangu juzi. Ikama inashughulikiwa. Bima ipo. Daktari kasema presha imeshuka, kweli imeshuka, nimeona karatasi mwenyewe, tarakimu nazijua.

Viza yangu inaisha mwezi ujao. Nitaondoka kabla ya mtoto. Hilo nalichukia, ndilo jambo ninalolichukia kuliko yote hapa, kuliko stroberi.

Festo atapika peke yake Jeddah nikishaondoka. Jioni kaja jikoni, kakaa chini sakafuni, na miguu yake mirefu ile. Kaniuliza atajuaje ikianza kugeuka pombe, naye hana ulimi wala pua.

Nikamwambia, sikio unalo.

Akaweka sikio kwenye ubavu wa ndoo ya togwa niliyopika asubuhi. Akafumba macho. Tumaini alikuwa kasimama mlangoni, kajishika kiuno, anatazama tunavyoongea.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, mama."

"Basi hiyo ni ya kuuza. Siku ukisikia inanong'ona, mwaga."

Hakuondoa sikio. Nikaacha kuosha vyombo, maji yasimpigie kelele.