Siku Arobaini Nyingine

Mlalo, 14 Julai 2024

Mdogo wangu Benjamini,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi hatujambo, ila mkono wa kulia wa mama umelala vilevile tangu kile kiharusi, na mguu anauburuta. Habari za hapo Amani? Chai mnachuma?

Naandika barua kama watu wa zamani kwa sababu umezima simu, eti inakuvuruga maombi. Haya. Mwaka wa tatu huu unamuuliza Mungu kusudi la maisha yako, na mimi nakuombea kila asubuhi kabla sijamwogesha mama. Jamani, hajajibu tu? Paa la jiko linavuja, ng'ombe anataka majani, mama anataka kugeuzwa. Njoo hata wiki moja.

Dada yako,
Yusta

Amani, 28 Julai 2024

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima wa afya. Mama mwambie namsalimu sana.

Usinikasirikie, dada. Nikikatiza sasa, miaka yote hii itakuwa bure. Mchana nachuma chai, jioni napanda msituni kuomba. Juzi ndege mweupe alinipita juu ya kichwa akaelekea kaskazini. Abdulaziz, ninayekaa naye chumba kimoja, huswali swala zake tano na kwenda kazini, basi. Yeye anasema yule ni yangeyange tu, ndege wa kufuata ng'ombe. Haelewi mambo ya wito. Zidi kuniombea.

Mdogo wako,
Benjamini

Mlalo, 25 Agosti 2024

Benjamini,

Marahaba. Mama anaendelea vizuri, mimi sijambo.

Yangeyange! Mungu anisamehe, nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Sasa sikiliza. Jumanne iliyopita niliitwa kwa Mzee Elinuru, ng'ombe wake alikuwa anashindwa kuzaa. Siku hizi mimi ndiye wanayemwita, maana bwana mifugo anakaa mbali. Ndama alikuwa amekaa vibaya. Mkono wangu ulikuwa ndani mpaka begani, nikaomba kwa sauti: "Bwana, nionyeshe." Nikaupata mguu, nikaugeuza, ndama akatoka mzima. Wakati nanawa nikashangaa. Miaka yote hii nikifumba macho ni Benjamini, Benjamini. Ile ndiyo mara ya kwanza nimeomba bila kukutaja, na nimejibiwa palepale, damu ikiwa bado mkononi.

Tangu siku hiyo nimeomba kwa ajili yangu tu, na kila nikiomba moyo unarudi zizini. Mwezi wa tano bwana mifugo alinijazisha fomu za chuo cha mifugo, Tanga. Barua ya kukubaliwa ilikuja, nikaificha kabatini mwezi mzima. Jana nimeitoa nikamwonyesha mama. Amegeukia ukutani. Naripoti Jumatatu tarehe 30 Septemba. Nina miaka thelathini na nne, Benja. Njoo ukae na mama.

Dada yako,
Yusta

Amani, 8 Septemba 2024

Dada,

Shikamoo. Poleni na kazi. Mama yu hali gani? Mimi sijambo.

Hongera, ingawa umenishtua. Jambo kama hili si la kukurupuka. Nimeanza mfungo mwingine wa siku arobaini, nimuulize Mungu kama nirudi au nibaki. Ahirisha mpaka mwakani. Na wewe, una hakika ulisikia vizuri?

Mdogo wako,
Benjamini

Mlalo, 15 Septemba 2024

Benjamini,

Marahaba. Afya tunayo, na hasira ninayo.

Unamuuliza Mungu kama umlishe mama yako? Amri ya nne, "Waheshimu baba yako na mama yako," uliikariri mwenyewe siku ya kipaimara, mbele ya kanisa zima, ukapigiwa vigelegele. Hilo lilijibiwa kabla hujazaliwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo linaloumia ni la mama, si lako.

Naondoka Jumapili tarehe 29 baada ya ibada. Klara, jirani yetu, atakaa na mama mpaka Jumatatu jioni, kisha anakwenda kwa binti yake aliyejifungua. Kuanzia hapo mama ana wewe, au hana mtu. Nimelia kuandika hivyo, na sifuti.

Dada yako,
Yusta

Mlalo, 3 Novemba 2024

Dada Yusta,

Shikamoo. Habari za masomo? Mama anakusalimu, anakula, anakoroma. Mimi mgongo wote unaniuma.

Nilifika Jumatatu ile saa kumi na mbili jioni. Klara alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake, hata salamu hakunijibu. Wito wangu bado siujui, na nafasi ya kuuliza sina: nikipiga magoti tu, mama anaita. Anasema namgeuza kama gunia la viazi. Ng'ombe wako naye kanipiga teke mara mbili.

Haya yafuatayo ni ya mama, amenikataza kuyapamba. Jumapili iliyopita alitaka nimsomee ile barua yako ya Agosti. Akalia, nikadhani ni mguu. Anasema tangu alipoanguka, kila siku alimwomba Mungu asikuonyeshe kitu. Aliomba hivyo huku unamwogesha. Mimi aliniombea nionyeshwe. Wewe aliomba usionyeshwe, maana alijua ukionyeshwa utaondoka. Anasema umsamehe.

Baadaye nikamuuliza siku hizi anaomba nini. Akasema anakuombea ufaulu, kila asubuhi, na kwamba maishani mwake hajawahi kuomba sala ngumu kama hiyo.

Mdogo wako,
Benjamini