Taifodi ya Mwelu na Pesa za Tuisheni

Mpendwa Shangazi Ngina,

Kwa moyo mzito, na kwa niaba ya familia yangu yote, natangaza kwamba nyumbani kwangu Mumbuni, hapa mjini Machakos, sukari imezidi. Iko kabatini, iko chini ya kitanda, iko ndani ya lile sanduku la bati nililoenda nalo shule ya bweni mwaka wa sabini na nne, na jana mke wangu Mbinya aliitia kwenye uji wangu vijiko vinne bila kuniuliza, akasimama kunitazama nikinywa. Usidhani nakuandikia hapo gazetini kujisifu. Naomba msaada, Shangazi. Sukari yote hiyo imeletwa na watu waliokuja kumwona mgonjwa, na mgonjwa hakuwapo.

Mimi ni mtunza stoo katika duka la mabati na misumari, mtu wa kawaida isipokuwa tumbo, na Novemba iliyopita shule zilipokaribia kufungwa nilimlipia binti yangu Mwelu tuisheni ya likizo kwa Mwalimu Kanini, maana Januari alikuwa anaingia darasa la nane na hesabu zake zilikuwa zimeanza kufanana na zangu, na huyu mwalimu anafundishia sebuleni kwake, watoto wamebanana kwenye benchi za kuazima kanisani, na unalipa yote kabla ya siku ya kwanza, na mlangoni amebandika kipande cha katoni kinachosema pesa ikishalipwa hairudi, isipokuwa mtoto awe mgonjwa, na mimi niliposoma hayo nilimwambia Mbinya, huyu mwalimu ana utu.

Halafu mvua ikanyesha. Ilikuwa imechelewa mpaka tumekata tamaa, ikaja shule zimefungwa na tuisheni imeshaanza, na wewe unajua mvua yetu ya Novemba, ukiilalia siku mbili utanunua mahindi mwaka mzima. Mama yangu yuko Kithyoko peke yake, shamba liko, ng'ombe wa kulima wako, mikono hakuna. Nikaamua Mwelu aende kwa huyo susu, bibi yake, akapande mahindi na kunde, na mimi niende kwa Mwalimu nikaombe pesa zirudi, kwa sababu mbegu nazo hazitolewi bure.

Nilipofika nikakuta jirani yangu Wathome amenitangulia mlangoni.

“Mwalimu, Jeff anaenda shamba,” Wathome alikuwa akisema. “Nirudishie tu hiyo kitu kidogo.”

“Baba Jeff, nimeshanunua vitabu nayo. Na hapo mlangoni ulisoma.”

“Nilisoma. Lakini si unaona hii mvua?”

“Naiona. Mvua si ugonjwa, Baba Jeff.”

Wathome akaondoka akinung'unika, matope mpaka magotini. Mwalimu akanigeukia akicheka. “Na wewe, Baba Mwelu? Wewe pia ni mambo ya mvua?”

“Hapana, Mwalimu,” nikasema. “Mwelu ana taifodi.”

Shangazi, sijui ilitoka wapi. Sikuwa nimeipanga. Ningekuwa nimeipanga ningechagua ugonjwa mdogo. Mwalimu alishika kifua, akasema “Ngai!”, akaingia chumbani, akatoka na pesa zangu zote, hakukata hata senti ya siku ambazo mtoto alikuwa ameshasoma, na juu yake akaniongezea machungwa ya mgonjwa. Niliyala njiani. Pesa nikanunua mbegu, na zilizobaki nikanunua viatu.

Nilichosahau ni kwamba hapa kwetu ukisema mtoto ni mgonjwa, huyo mtoto si wako tena, ni wa kanisa. Jumapili wakati wa matangazo Mwalimu Kanini akasimama kumwombea Mwelu, mimi nikiwa pale pale nimeshika kikapu cha sadaka, na baada ya ibada kina mama wakaja nyumbani wakiongozwa na Mama Ndeti, kila mmoja na sukari yake na majani yake, na mimi nikawaambia mtoto amelala, daktari amekataza wageni, nao, Mungu awabariki, wakasema hakuna shida, wakaimba polepole wakielekeza mikono kwenye mlango wa chumba ambacho ndani yake kulikuwa na kuku wa Mbinya akiatamia mayai. Kuku akajisogeza. Mama Ndeti akafuta machozi akasema, “Anajigeuza, maskini.”

Mbinya alikuwa jikoni. Tangu siku hiyo anaongea na mimi kupitia uji.

Mwelu alirudi baada ya Krismasi, amekuwa mweusi kwa jua, mikono migumu, anakula kama fundi wa mawe. Mgonjwa gani huyo? Nikamwambia akae ndani kwanza, watu wasimwone. Nikamweleza kidogo. Hakuniuliza kwa nini. Shule zimefunguliwa, na mwalimu wake wa darasa nimemwambia hayohayo ya taifodi, kwa hiyo mtoto anakaa kitandani mchana akisikiliza wenzake wakipita na mifuko. Na Mwalimu Kanini, ambaye simlipi chochote, kila jioni analeta karatasi za hesabu alizomnakilia Mwelu kwa mkono wake ili asiachwe nyuma. Nazipokelea kwenye geti. Ananiuliza kama anakula vizuri. Namwambia, kidogo kidogo.

Juzi nikiwa namletea karatasi hizo, Mwelu aliniuliza, “Baba, nitapona lini?”

Nikamwachia karatasi nikatoka. Sasa kina mama wamepanga Jumapili ya mwisho wa mwezi iwe ya shukrani, na wanataka Mwelu asimame mbele atoe ushuhuda wa kuponywa. Mtoto amesema hatasimama. Nikimlazimisha nitakuwa nimemfundisha kusema uongo madhabahuni, nisipomlazimisha watauliza kwa nini. Nimefikiri labda nitie pesa za tuisheni kwenye bahasha, nizitoe sadaka bila jina, Mungu atajua zinatoka wapi, na mambo yaishe. Unaonaje?

Mimi mwenye aibu,
Baba Mwelu, Mumbuni, Januari 2001

*

Baba Mwelu,

Nimecheka. Kisha nikafika pale mtoto anapokuuliza atapona lini, nikaacha.

Naona hiyo bahasha ni ujanja. Mungu hakumfundisha Mwelu desimali, kwa hiyo usimlipe yeye deni la Mwalimu Kanini. Na usiisingizie mvua. Mvua ilimnyeshea Wathome pia, tena yeye alisema ukweli akaenda zake mikono mitupu, wewe ukasema uongo ukapewa na machungwa. Sheria ile ya mlangoni haikuwa ya ujanja. Mwalimu aliacha upenyo mmoja wa huruma, na wewe ndiye uliyeupitia. Unajua atakayelipa? Ni mzazi atakayekuja mwaka ujao na mtoto mgonjwa kweli, akute ile katoni imeandikwa upya bila huo upenyo.

Ungeweza kuomba siku ambazo Mwelu hakusoma azisomee Aprili. Ungeweza kuuliza kabla ya kulipa: mtoto akitoka katikati, inakuwaje? Wazazi wengine mnaonisoma, ulizeni hilo siku ya kwanza, mkiwa bado mnachekeana. Mzazi na mwalimu wakigombana juu ya pesa zilizolipwa mbele, mara nyingi ni kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ameelewa.

Sasa nisikilize. Leo hii, kabla hujamaliza kusoma, mwambie Mwelu amepona. Mtoto arudi shule kesho. Hatasimama mbele ya mtu yeyote kutoa ushuhuda wowote. Kama kuna ushuhuda, ni wako.

Kisha nenda kwa Mwalimu na pesa zake zote. Nenda peke yako. Usimchukue mtoto ili aibu yako iwe nusu. Neno la kwanza liwe “nilidanganya”, ulitamke ukiwa bado umesimama, kabla hujakaribishwa chai, maana nakujua kwa kalamu yako: ukishakaa utaanza hadithi na watu watacheka na ukweli utapotelea hapo. Atakasirika. Muache akasirike. Usimwombe akusamehe siku hiyo hiyo kama mtu anayedai chenji.

Halafu Jumapili uwaambie wale waliokuja nyumbani. Sukari ipeleke wodi ya watoto, huko hakuna kuku.

Jibu hili nakutumia kwa posta. Gazetini halitatoka mpaka Jumapili hiyo ipite. Usidhani nakuonea huruma wewe. Namhurumia msichana. Ukimaliza niandikie, na safari hii niandikie kilichotokea, si kilichochekesha.

Shangazi Ngina

*

Mpendwa Shangazi,

Umeniambia nisichekeshe. Nitajaribu.

Sikwenda peke yangu. Nilimchukua Mwelu. Nilijiambia ni kwa sababu alitaka kumwona mwalimu wake, lakini ukweli ni kwamba niliogopa, nikaona Mwalimu hatanifokea mbele ya mtoto.

Ilikuwa Jumamosi, masomo yalikuwa yanaendelea sebuleni kwa Mwalimu. Nilikuwa nimelirudia lile neno njia nzima. Mwalimu Kanini akafungua mlango, akamwona Mwelu, akapiga kelele ya furaha. “Mgonjwa wetu! Hebu nikuone! Baba Mwelu, kumbe amepona kabisa?”

Na mimi nikasema, “Ndiyo, Mwalimu. Mungu ni mwema.”

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, Shangazi. Nilikuwa na pesa mfukoni na neno mdomoni, nikadanganya tena.

Mwelu ndiye aliyesema. Alikuwa nyuma yangu kidogo, na hakupaza sauti. “Mwalimu, sikuwa mgonjwa. Nilikuwa Kithyoko tukipanda.” Kisha akaongeza, kana kwamba ni kosa lake, “Zile hesabu zote nilifanya.”

Mwalimu alimshika mikono, akaigeuza, akaangalia viganja. Kisha akamwambia, “Ingia, mama, kaa pale mbele,” na Mwelu akapita kati yetu akaenda kukaa. Mimi nikatoa pesa. Hakuzishika.

“Nilimfungia huyo mtoto,” akasema. “Nilifunga kula, Baba Mwelu. Na bado nasimama darasani.”

Nikasema nilidanganya. Wakati huo neno hilo halikuwa na kazi tena, lakini nililisema.

“Hizo mpelekee Wathome,” akasema. “Yeye nilimnyima. Yako na yangu tutaongea siku nyingine, leo sina maneno mazuri.” Akafunga mlango, si kwa nguvu.

Nikaenda kwa Wathome. Alikuwa akipakua mbolea. Nilimweleza mpaka mwisho, sikukaa chini, na nilidhani atanitukana. Alicheka mpaka akakalia gunia. “Taifodi! Wewe! Kwani malaria haikutosha?” Kisha akaacha kucheka, akaangalia zile pesa, akasema, “Lakini mimi nilimwita huyo Mwalimu mwizi, huko sokoni, mbele ya watu.” Akazichukua, na jioni nikamwona akielekea kwa Mwalimu. Walizungumza nini sijui, na si haki yangu kujua.

Jumapili ikafika. Kina mama walikuwa wamempangia Mwelu nafasi baada ya kwaya. Mwenye kuongoza alipomwita jina, nikasimama mimi. Nilikuwa nimeandika karatasi yenye mistari kama minane, ya kwanza ikiwa ya kuchekesha, nikaiacha mfukoni. Nikasema Mwelu hakuwa mgonjwa siku hata moja. Nikasema nilidanganya ili nirudishiwe pesa za tuisheni, na walipokuja kuniombea mtoto niliwaacha waombee chumba kitupu, na mtoto hakuwa na kosa.

Hakuna aliyesema amina. Mama Ndeti aliinamisha kichwa, na mpaka leo hajanisalimia. Kikapu cha sadaka alipewa mtu mwingine.

Njia ya kurudi mahali pangu ilikuwa ndefu. Benchi yetu ilikuwa imejaa, na nilikuwa tayari kusimama nyuma mpaka mwisho wa ibada. Mwelu hakunitazama. Alimsogelea mama yake, akaokota Biblia iliyokuwa kando yake akaiweka mapajani, na nikakaa.

Unaweza kuchapisha.

Baba Mwelu