Kabureta ya Baba

Isiolo, 9 Februari 1975

Mwanangu Jama,

Salaam aleikum. Sisi tuko. Mama yako Falis anakusalimu, goti linamsumbua lakini anatembea. Kifua chako kimepona na hiyo baridi ya Nairobi?

Petroli imepanda tena. Lori linakunywa kama ngamia aliyevuka nyika kutoka Korbesa, nami nimechoka kulitumikia badala ya lenyewe kunitumikia. Wewe ni fundi wa kabureta. Niambie nifunge skrubu yake ya petroli kiasi gani ili linywe kidogo na bado lifike Garbatulla na mzigo.

Baba yako,
Hashi

Nairobi, 20 Februari 1975

Kwa baba yangu,

Aleikum salaam. Kifua kimepona, alhamdulillahi. Mpe mama pole ya goti.

Baba, kazi hii ni ya masikio. Washa injini ipate moto, kisha funga skrubu pole pole. Ikianza kukohoa, rudisha kidogo mpaka itulie. Halafu pakia mzigo, panda mlima ukisikiliza. Ukisikia inagonga ndani, kama kijiko kwenye sufuria, petroli imekuwa kidogo mno. Fungua hapo hapo. Ukingoja valvu zitaungua, na lori lingine hatuna.

Mwanao,
Jama

Isiolo, 16 Machi 1975

Mwanangu,

Salaam aleikum. Afya tunayo, usingizi ndio hakuna, joto limezidi. Unakula vizuri huko?

Nilifanya ulivyosema. Nikafunga skrubu, injini kimya. Nikafunga tena, kimya tu. Kukohoa hakuna, kugonga hakuna, na petroli sasa inatosha kwenda na kurudi. Ila nguvu imepungua kidogo.

Watu nao wamenichosha. Kabale, yule anayeuza chai Kulamawe, nilimpitisha kwao mpaka Garbatulla, akashuka akinitukana mbele ya watu. Eti huko juu ya mzigo yeye na abiria wenzake waligonga paa la kebini mpaka mikono ikawauma. Uongo. Tangu lini mimi nikagongewa nisisimame? Mama yako naye siku hizi ananong'ona tu, kama hataki nimsikie.

Baba yako

Nairobi, 27 Machi 1975

Kwa baba yangu,

Aleikum salaam. Mimi mzima, lakini barua yako imenitia hofu.

Hakuna injini inayofungwa petroli hivyo ikakaa kimya. Inagonga, baba. Kabale naye aligonga. Na mama hanong'oni. Nisamehe, ana kwa ana nisingeweza kukuambia.

Mama asimame karibu na boneti, wewe ufungue skrubu, yeye ainue mkono injini ikitulia. Lakini barabarani usiende tena, nakuomba. Juu ya mzigo wanakaa watu. Siku moja watagonga kwa sababu mwenzao ameanguka.

Mwanao

Nairobi, 2 Mei 1975

Baba, salaam aleikum. Hujajibu. Nitukane basi, mradi nijue mko salama.

Mwanao

Isiolo, 11 Juni 1975

Mwanangu Jama,

Aleikum salaam. Tuko salama. Goti la mama yako lina nafuu.

Nilikasirika. Nikaendelea kwenda Garbatulla ili nikuonyeshe wewe bado ni mtoto. Safari ya mwisho valvu ikaungua karibu na Kulamawe, tukashinda juani. Kabale ndiye aliyetuletea chai. Hakunitukana, na hilo liliniuma zaidi. Alikuwa akiongea, nami naangalia mdomo wake tu.

Fundi Denge amebadilisha valvu. Halafu mama yako akasimama kwenye boneti na goti lake hilo, mimi nikishika skrubu. Alikaa muda mrefu mkono ukiwa chini, kisha akauinua. Miaka yote alikuwa akisema lori ni kelele tu, kumbe anaijua kila sauti yake. Nilifurahi, Jama, kisha nikaona nimechoka sana. Ufunguo nimempa yeye.

Njoo uliendeshe, au uliuze. Sitagombana nawe. Ukikuta mama yako ameenda sokoni, usisimame nje kupiga hodi. Ingia tu. Nitakuwa nimeketi nikiangalia mlango.

Baba yako,
Hashi