Aliyegonga Mlango wa Lemon Gaba

Lemon Gaba, Juba
12 Mei 2024

Anti yangu mpendwa,

Natumai mmeamka salama huko Kitale, na mguu wa mjomba umepata nafuu. Mimi ni mzima, ila joto la hapa nilikuwa nimelisahau kabisa tangu nilipoondoka nikiwa mtoto. Ulisema ujumbe wa simu usiwe wa maneno matatu kama wa mtu anayekimbizwa, kwa hiyo nakuandikia kama ulivyotufundisha darasani, na anwani juu.

Nimepata chumba. Kiko mbali na chuo lakini ni kizuri kuliko vyote nilivyoonyeshwa. Kimepakwa rangi mpya ya kijani, kina dirisha moja na mlango wa chuma wenye komeo madhubuti. Mwenye nyumba ni mjane anayeitwa Nyamal. Nilimuuliza kwa nini chumba kama hicho kilikaa bila mtu, akasema wanafunzi wanapenda kuishi karibu na chuo. Jirani yangu ni Mganda, Kisakye, anauza nyanya sokoni Custom. Kiswahili chake kingekufanya ushike kalamu nyekundu, lakini ana roho nzuri.

Shida yangu ni chakula. Kwako nilikuwa nakata vitunguu tu, na wewe unamaliza. Hapa nimekula asida, huu ugali wao wa mtama, kwa sukari mpaka nimeuchoka. Juzi nilijaribu maharagwe, wenyewe wanayaita janjaro. Makaa yaliisha kabla hayajaiva. Nikayala magumu vile vile, na kesho yake tumbo likanguruma katikati ya somo la anatomia, darasa zima likageuka. Nifundishe kupika kama mtu asiye na kitu na asiye na wakati, maana ndivyo nilivyo.

Msalimie mjomba.

Binti yako,
Yar


Kitale
15 Mei 2024

Mwanangu Yar,

Barua yako imetukuta wazima. Mjomba wako anachechemea lakini anakataa fimbo, kwa hiyo ujue ni yule yule. Alicheka kuhusu maharagwe hadi akakohoa.

Sikiliza. Maharagwe yaloweke unapolala. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mengine, uyachemshe yatokote vizuri kwa muda. Kisha funika sufuria, itoe motoni, izungushie blanketi na uiweke ndani ya katoni. Ukirudi kutoka chuoni yatakuwa yamelainika, na makaa machache yatayamaliza. Mimi nililelewa hivyo, na kuni zetu zilikuwa za kuokota. Siku ukiwa na haraka pika kamande, zile dengu ndogo bapa, hazimringii mtu. Mjomba anasema huko kuna majani ya kudra yanayoteleza kama mrenda wetu; yapike kwa karanga za kusaga na chumvi kidogo, yanashibisha kuliko nyama ya mawazo. Mayai usiyakaange, mafuta ni ghali. Yachemshe ndani ya sufuria ile ile ya kamande, ukiyaosha vizuri kwanza.

Na tafuta wenzako mpike pamoja. Makaa yanayoivisha chakula cha mmoja yanaivisha cha wanne. Sipendi kukuwaza ukila peke yako ukiangalia ukuta.

Anti yako,
Virginia


Lemon Gaba
9 Juni 2024

Anti mpendwa,

Nawasalimu nyote. Afya yangu si mbaya, ni kichwa tu kinauma siku hizi, nadhani ni kusoma. Mjomba je? Mwambie fimbo si aibu.

Maharagwe ya blanketi yamefaulu. Nilimpelekea Kisakye bakuli, akafikiri nimepika siku nzima. Kudra nayo nimeiweza. Wasichana wawili wa darasa langu wameniomba niwafundishe, mimi ambaye mwezi uliopita nilikuwa nalia kwa ajili ya ugali.

Kuna jambo dogo linalonisumbua. Jumatano mvua ilinyesha jioni, ile ya huku inayotanguliwa na upepo wa vumbi. Nikafunga mlango na dirisha, nikakaa na kitabu nikisubiri chakula. Nikasikia mtu akigonga. Hakugonga kwa nguvu. Mara tatu, polepole, kama mgeni anayeona haya. Nikafungua, hakuna mtu. Udongo wa mlangoni ulikuwa umelowa na haukuwa na alama ya mguu hata moja. Nilisimama pale nikipigwa na baridi mpaka nikachoka kusimama.

Jana mvua ilinyesha tena, na mlango ukagongwa vile vile. Nikafungua, hakuna mtu.

Leo nimemuuliza Kisakye kama watoto wa jirani wana mchezo huo. Akaacha kupanga nyanya zake.

"Inagonga wakati wewe iko napika?"

Nikasema ndiyo. Alinipa nyanya bila mimi kuomba, akaingia kwake. Unaonaje, Anti?

Binti yako,
Yar


Kitale
10 Juni 2024

Yar mwanangu,

Sisi ni wazima, lakini barua yako imeninyima raha tangu niliposoma, kwa hiyo nisamehe salamu zikiwa fupi.

Juba si Kitale. Wewe ni msichana peke yako katika chumba cha pembeni mwa mji, na mtu anayegonga bila kutaja jina anataka kujua kama kuna mtu ndani, na kama anafungua. Umeshamfungulia mara mbili. Usimfungulie tena. Agonge hadi achoke. Komeo ukishalitia, liache mpaka mvua iishe na uone watu nje kwa macho yako.

Niahidi.

Anti yako,
Virginia


Kitale
20 Juni 2024

Yar,

U hali gani? Ujumbe wangu wa mwisho unaonyesha ulisomwa, na tangu hapo kimya. Simu yako haipatikani. Mjomba anasema ni mtandao wa huko, lakini naye nimemkuta ameshika simu akiiangalia tu.

Nimempigia Gerishon, yule mtoto wa jirani yetu anayepakia mizigo uwanja wa ndege wa Juba. Ameahidi kuchukua boda akitoka kazini, aje akuone. Ukisoma hii kabla hajafika, andika hata neno moja. Sitalisahihisha.

Anti


Juba
2 Julai 2024

Anti yangu,

Nimepona. Naanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa. Najua Gerishon alikwambia alinikuta kliniki, na kwamba nilimwomba aniachie mimi nikueleze. Simu yangu iliingia maji, ninayotumia sasa ni yake. Namwombea mjomba, na wewe nakuombea presha yako isipande.

Nilishika neno lako. Jumamosi baada ya barua yako mvua kubwa ilianza mchana, nikafunga kila kitu, nikatia komeo. Jiko lilikuwa ndani, Anti. Siku zote za mvua nilikuwa naliingiza na kuliweka kati ya kitanda na ukuta. Sikukuambia kwa sababu sikuona kama ni jambo la kusimulia. Kibarazani maji yalikuwa yanayazima makaa, na makaa niliyahesabu kama dhahabu.

Mlango ukagongwa. Nikasema kwa sauti, "Sifungui." Kukawa kimya, kisha ukagongwa tena. Nikaziba masikio. Nilikuwa na uchovu wa ajabu, mtamu, kama wa mtoto aliyebebwa mgongoni. Kitabu kiliniponyoka nikashindwa kukiokota. Nikawaza nilale kidogo, chakula kitaniamsha kikianza kuungua.

Aliyegonga hakuacha. Ila sasa sauti ilitoka chini. Haikutoka pale mkono wa mtu aliyesimama unapofika, ilitoka chini kabisa, karibu na sakafu, na ilikuwa dhaifu. Hapo sikuogopa. Woga nimeupata baadaye, na ninao hata sasa nikikuandikia. Wakati ule niliwaza kitu kimoja tu, kwamba kuna mtu ameanguka mlangoni kwangu na hawezi kuinuka. Nikatambaa kwenda kumfungulia.

Komeo silikumbuki. Nakumbuka matope mdomoni na mvua mgongoni.

Kisakye alikuwa amekaa kibarazani kwake, akitazamana na mlango wangu. Ndiye aliyenivuta na kutafuta boda kwenye mvua ile. Kliniki waliniwekea hewa ya mashine, wakasema ni moshi wa makaa, ule usioonekana na usio na harufu. Nilipoweza kuongea nilimuuliza nani alikuwa mlangoni.

"Hakuna mtu," alisema. "Mimi iko naangalia hiyo mlango tangu mvua naanza. Hakuna mtu."

Nikamuuliza kama alisikia mlango ukigongwa. Akanifunika shuka, akatoka nje.

Aliyenieleza ni Nyamal. Alikuja na uji, akakaa kwenye ukingo wa kitanda bila kuniangalia. Kabla yangu, chumba kile kilikuwa cha mwanafunzi wa ualimu aitwaye Achol. Mvua za mwaka jana aliingiza jiko ndani apike kamande, akafunga. Asubuhi Kisakye aliona hajatoka, wakavunja mlango. Sufuria ilikuwa imekauka. Yeye walimkuta chini, mlangoni, mkono wake umenyooka kuelekea komeo ambalo hakulifikia.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Nilikuwa na hasira, Anti, nilimtolea ukali ambao usingeupenda.

"Nilitaka," alisema. "Kila nikija unaniambia unavyokipenda chumba. Na mimi nilikuwa nimeshakipaka rangi."

Akalia, nami nikanywa uji wake.

Binti yako,
Yar


Kitale
3 Julai 2024

Mwanangu,

Salamu nitazileta siku nyingine.

Niliandika kwa mkono wangu usifungue. Sikuuliza jiko liko wapi. Nilikufundisha maharagwe, nikakufundisha mayai, na hilo moja, ambalo mama yeyote wa hapa angelisema kabla ya chumvi, sikulisema. Mjomba wako ametoka nje tangu asubuhi, anapasua kuni ambazo hatuzihitaji.

Hama. Gerishon amepata nafasi kwa mama mmoja Mkenya karibu na kanisa lao. Huyo aliyegonga sijui ni nani na siwezi kumwita mbaya, lakini sitaki mtoto wangu alale palipolala msiba wake. Tafadhali, Yar.

Anti yako,
Virginia


Lemon Gaba
18 Agosti 2024

Anti mpendwa,

Natumai mko salama na mahindi yanakaribia kukomaa. Gerishon ameniambia mjomba amekubali fimbo, nimefurahi sana. Mimi ni mzima, kichwa hakiumi tena. Umeona anwani hapo juu, kwa hiyo unajua sikuhama. Nisome hadi mwisho kabla hujakasirika.

Nilikwenda kwa huyo mama Mkenya, nikalala siku chache. Mvua iliponyesha nilikuwa nawaza mlango wangu. Niliwaza anagonga, na ndani hakuna mtu wa kuamka. Nikarudi. Nyamal ameongeza mabati mapana mbele ya nyumba, na jiko sasa haliingii ndani hata mbingu zikianguka. Wale wasichana wawili wa darasa langu hupikia hapo pamoja nami, na Kisakye huleta nyanya zilizopondeka. Kila mgeni akija na jiko lake, kabla ya maharagwe ya blanketi namwambia kwanza habari ya moshi, namwambia na jina la Achol.

Mlango uliendelea kugongwa siku za mvua, nasi tumekaa nje, mbele yake kabisa. Mmoja wa wasichana alikimbia bila viatu. Kisakye hakukimbia. Siku hiyo ndipo alipokiri. "Mimi nasikia hiyo tangu zamani," alisema, macho yakiwa kwenye sufuria.

Nikamwomba Nyamal anitafutie mama yake Achol. Mama huyo hakuwahi kukiona chumba. Ndugu zake wa kiume ndio waliochukua mwili. Alikuja Jumapili moja baada ya ibada, mwanamke mrefu, amevaa nguo nyeusi hadi leo. Tulizungumza Kiarabu cha Juba, changu kibovu, akanivumilia. Nilimweleza yote. Nilidhani atanifukuza, au ataniita mwongo.

Aliuliza swali moja tu, anagonga vipi. Nikamwonyesha kwenye meza. Mara tatu, polepole.

Akaweka mkono wake juu ya wangu, akaushika usiendelee. Alisema Achol alikuwa hivyo tangu mdogo. Hata nyumbani kwao alikuwa akigonga, kila mtu akimcheka, kwa sababu aliogopa kumsumbua mtu.

Tulimpikia kudra kwa karanga na asida. Alikula vizuri, polepole. Kisha akaomba kuingia chumbani peke yake. Alikaa humo muda, sisi tukaosha vyombo. Alipotoka aliniambia niingie, akavuta mlango akaufunga yeye akiwa nje. Nilisimama ndani sijui anataka nini.

Akagonga. Mara tatu, kwa mkono ule ule wa kuona haya.

Nikafungua. Alinitazama usoni kama mtu anayesoma, akasema, "Shukran. Umefungua." Akajifunga shuka lake vizuri, akaelekea barabarani, na Kisakye akamsindikiza.

Tangu siku hiyo mvua imenyesha mara nyingi na mlango haujagongwa. Ningepaswa kufurahi. Wenzangu wamefurahi. Mimi nimejikuta nimekaa nikisikiliza, Anti, na kuna huzuni inanishika ambayo sina pa kuipeleka. Mawingu yakifunga tu huwa nimeshainuka, naufungua mlango hadi mwisho, nauwekea jiwe.

Binti yako,
Yar